Kifusi cha Uwanja wa Gofu

Mtaa wetu uko bondeni. Mvua ikinyesha kwa wenzetu wa juu, maji huja kututembelea sisi. Huingia bila hodi, na hukaa ndani kama mgeni asiye na aibu. Kwa hiyo mtu wa mtaa huu akiona lori lenye kifusi, husimama kando ya barabara na kuuliza linakwenda wapi. Kifusi ni udongo na mawe yanayobaki watu wakichimba au wakibomoa. Wengine hukitupa. Sisi hukililia. Ukikimwaga uani na kukishindilia vizuri, ua hupanda juu, na maji hupita pembeni.

Katika nyumba yetu ninakaa mimi, mwanangu, mkewe na mjukuu wangu. Mwanangu ni dereva wa lori. Madereva wenzake walimpa jina la Gia Ndogo, kwa sababu hakimbizi gari hata barabara ikiwa tupu. Mkwe wangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko barazani, na tangu asubuhi utasikia mlio wake kama nyuki ndani ya debe. Mjukuu wangu alikuwa hajatimiza miaka miwili, lakini maneno alikuwa nayo tele. Alimsalimia kila anayepita. Aliita kuku, aliita maji, aliliita lori la baba yake. Hata mkaguzi wa umeme alisalimiwa mpaka akasahau alichofuata. Tukamwita Chiriku.

Nyuma ya mtaa kulikuwa na kiwanda cha zamani cha kutengeneza betri za magari. Kilifungwa kabla mwanangu hajaoa. Wenyewe waliondoka na mashine zao, wakatuachia kuta mbovu, mashimo, na udongo wa kijivu. Pale hapakuota nyasi. Mbuzi walipita bila hata kuinamisha kichwa. Tuliliona hilo kila siku, wala hatukujiuliza. Kiangazi upepo ulileta vumbi la pale mpaka mezani. Tulifuta sahani kwa kitambaa, tukapakua, tukala. Vibaka nao walizifanya zile kuta kuwa nyumba yao.

Basi iliposemwa kwamba kampuni moja inataka kujenga uwanja wa gofu mahali pale, wengi walisema afadhali.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima tulijikunja kwenye madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu. Mtu wa kampuni alibandika picha ubaoni. Tuliona nyasi za kijani, vibwawa na miti. Akatueleza kwamba gofu ni mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika kishimo. Jirani yetu, fundi viatu, ni mtu asiyeweza kulala na neno tumboni. Akauliza kama ni kweli mtu mzima anaupiga mpira wake mbali, kisha anaufuata kwa miguu yeye mwenyewe, na hakuna anayemfukuza. Akajibiwa kwamba ni kweli. Fundi viatu akasema basi mchezo huo ni mzuri, maana soli zitaisha. Darasa zima likacheka.

Mtu wa kampuni akataja faida. Vibaka wataondoka. Nyasi zitashika vumbi. Vijana watapata kazi ya kukata nyasi na kulinda. Hapo hapatajengwa nyumba wala hapatalimwa chakula, kwa hiyo hakuna atakayelala juu ya uchafu wa kiwanda. Ninayaandika haya yote kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake, nami sitaki kumdhulumu mtu.

Kisha akasimama bibi afya wa kata yetu. Huyu ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, anayepima maji ya visima na kukagua vyoo. Kwa sababu ya vyoo, watu wengi humwona wakabadili njia. Alisema hakuja kupinga, ana maswali tu.

"Udongo wa kiwanda umepimwa na nani? Ule utakaokwanguliwa juu utapelekwa wapi? Na maji ya kunyweshea nyasi, yakishuka chini, yatapita kwenye nini kabla ya kufika katika visima vyetu?"

Mtu wa kampuni akajibu kwamba kila kitu kimezingatiwa. Bibi afya akaomba kuona vipimo. Akajibiwa tena kwamba kila kitu kimezingatiwa. Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mama, kaa chini. Usitumwagie unga wetu hata haujafika jikoni." Watu wakapiga makofi. Bibi afya akakaa. Mwenyekiti wa mtaa akasema muda umekwisha, tukatoka.

Kazi ilipoanza, mkandarasi alihitaji malori. Gia Ndogo akachukuliwa. Nyumbani tulifurahi, maana alikuwa amekaa muda mrefu akiosha gari lisilo na safari. Tingatinga lilikwangua udongo wa juu wa kiwanda, na malori yakaubeba kwenda kuutupa machimboni, mbali nje ya mji. Vumbi lilisimama juu ya mtaa kama ukungu. Mkwe wangu alifunika vitambaa vya wateja kwa plastiki, lakini jioni alivikung'uta vilevile.

Haukupita muda mrefu, msimamizi wa kazi akaona machimbo ni mbali na mafuta ya gari yanakwisha. Akawaambia madereva kwamba mtu yeyote wa jirani anayetaka kifusi apewe, tena bure. Kampuni inawasaidia majirani zake, alisema hivyo.

Wewe unayesoma, kama hujawahi kukaa bondeni, hutaelewa furaha ile. Watu walisimama barabarani na majembe mabegani. Madereva walisalimiwa kama mabwana harusi. Fundi viatu alimzuia mwanangu njiani, akamwambia aibu gani hii, mtoto wa mtaa anawamwagia watu wa mbali, na waliomlea wanaogelea vyumbani mwao. Gia Ndogo akampelekea kifusi. Akampelekea na mjane muuza mkaa, ambaye kila masika magunia yake yalilowa. Akawapelekea wengine upande wote wa chini. Kila alipomwaga, alibarikiwa.

Nyumbani kwetu alileta mwisho. Alichagua. Aliacha udongo wenye mawe na vipande vya matofali, akaleta ule laini, wa kijivu, usio na kitu cha kumkata mtoto mguu. Aliusambaza kwa koleo, akaushindilia kwa miguu, huku Chiriku amekaa mabegani mwake akimhesabia, "Moja, mbili, tano."

Mvua zikaja. Maji yalifika mlangoni kwetu kama kawaida yake, yakakuta ua umepanda, yakapita. Tulikaa barazani tukayatazama. Mkwe wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema tangu aolewe hajawahi kulala masika bila kuinua godoro.

Chiriku alipata uwanja wake. Alichukua kijiko na kifuniko cha kopo, akawa anapika. Alikoroga udongo kwa maji, akapakua, akatukaribisha. Na kama mpishi yeyote, alionja. Baba yake akirudi kazini alimwinua kabla hata ya kuvua nguo za kazi, na mtoto alilaza uso kwenye kifua chenye vumbi.

Alianza kwa kukataa chakula. Kisha tumbo likamuuma, na choo kikawa kigumu. Tulisema ni meno. Tukasema ni minyoo. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, ikatoka minyoo miwili, tukaona tumepatia. Jirani mmoja alisema ni kijicho, maana mtoto anayesema sana hutazamwa sana. Lakini hali ilizidi. Uso ulipauka. Alilia bila sababu, akanyamaza bila sababu. Maneno nayo yakaanza kupungua. Kwanza aliacha kuhesabu. Kisha aliacha kuwasalimia watu. Siku moja kuku alipita mbele yake, mama yake akamwuliza yule ni nani. Mtoto alimtazama kuku, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa.

Bibi afya alikuja kwa kazi yake ya kawaida, kupima maji ya kisima. Alipita uani kwetu, akasimama. Alichota udongo kwa ncha ya kiatu. Akamwona Chiriku amekaa na kijiko chake, mdomo una kijivu pembeni. Hakumsalimia mtu.

"Kifusi hiki kimetoka wapi?"

Mwanangu alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliendelea kuzifunga, ingawa zilikuwa zimekwisha kufungwa.

Bibi afya akamwinua mtoto mwenyewe, akamnawisha mikono na uso, akamkabidhi kwa mama yake. Ndipo akakaa nasi barazani, akatueleza taratibu, nami nitaeleza kama nilivyoelewa.

Betri ya gari ina madini yanayoitwa risasi ndani yake. Ni madini mazito. Kiwanda kilipofanya kazi, unga wa risasi ulianguka chini kila siku, mwaka baada ya mwaka. Hauozi. Mvua haiumalizi, jua haliumalizi. Unakaa palepale juu ya udongo, katika tabaka lile la kwanza. Na tabaka hilo la kwanza ndilo lililokwanguliwa na tingatinga. Udongo ukiwa laini zaidi, unashika vidole vizuri zaidi na kupeperuka vizuri zaidi. Risasi haina harufu. Mtu mzima akiila kidogo, sehemu kubwa hutoka. Mtoto mdogo huibakiza, kwa sababu mwili wake unajenga mifupa na hupokea kila kinacholetwa. Huingia katika damu. Huingia katika ubongo. Mimba nayo hudhurika.

Mwanangu akasema kwa sauti ndogo, "Lakini huu ni udongo tu."

"Ungekuwa udongo tu, mbuzi wangekuwa wanakula nyasi pale," bibi afya akasema.

Mkwe wangu akauliza kama tukiuchemsha uji sana, au maji, hiyo risasi itakufa. Bibi afya akatikisa kichwa. Vijidudu hufa kwa moto. Risasi si kijidudu. Ukichemsha maji yenye risasi, maji yatapungua na risasi itabaki yote.

Tulimpeleka mtoto hospitali kubwa siku ileile. Walimpima damu, wakamlaza. Walimpa dawa ya kuivuta risasi itoke mwilini. Daktari alikuwa kijana mpole, hakutuficha. Alisema dawa itaitoa risasi katika damu, na hilo litamwokoa. Lakini yale iliyokwisha kuyaharibu kichwani, dawa hairudishi. Mengine yatajengeka upya kwa kumsemesha, kumfundisha na kumlisha vizuri. Mengine hayatajengeka. Alisema pia hakuna maana ya kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye udongo uleule.

Mkwe wangu alirudi nasi nyumbani mara moja kuchukua nguo. Alizikuta nguo za kazi za mumewe zimetundikwa juu ya kitanda cha mtoto. Alizitoa kwa ncha ya fimbo, akazitia katika mfuko, akaufunga. Hakupiga kelele. Nilitamani apige.

"Baba Chiriku," akasema, "ulituchagulia laini."

Mwanangu alikaa chini pale pale sakafuni. Kuna methali inasema mchuma janga hula na wa kwao. Niliisikia kichwani mwangu, nikaifunga mdomoni. Anayeijua tayari haambiwi.

Sasa kulikuwa na jambo gumu zaidi. Kile kifusi hakikuwa kwetu tu. Kilikuwa kwa fundi viatu, kwa mjane muuza mkaa, na katika nyua zote za upande wa chini. Kila ua una watoto, na anayejua kila lori lilimwaga wapi ni mmoja tu. Akisema, atapoteza kazi, na mtaa utamgeuka. Asiposema, watoto wa watu wataendelea kuonja. Mkwe wangu alimwambia hataki kusikia sababu yoyote. Aende.

Akaenda nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa nyuma yake, maana nilijua akiwa peke yake ataishia njiani.

Fundi viatu alimsikiliza akiwa na misumari mdomoni. Aliitema kiganjani mmoja mmoja.

"Kwa hiyo ulinipa sumu, na mimi nikakushukuru."

"Ndiyo, kaka."

"Na nilikusimamisha mwenyewe barabarani nikidai."

"Ndiyo."

Fundi viatu alitazama uani kwake. Watoto wake walikuwa wanachora mistari ya mchezo kwenye udongo. Akawaita ndani kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, isiyo na mzaha hata chembe.

Mjane muuza mkaa hakukubali. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Alisema maji yamemtesa tangu ujana wake. Leo amekauka, halafu anaambiwa achimbe ukavu wake autupe. Alimwuliza mwanangu kama ni wivu, au amenunuliwa. Mjukuu wake alikuwa nyuma yake, ananyonya kidole. Mwanangu alimwonyesha kile kidole. Mlango ukafungwa.

Habari zilifika kwa msimamizi kabla hatujamaliza nyumba zote. Gia Ndogo alirudisha funguo za lori siku hiyo. Waliombariki barabarani, wengi wao, walianza kutazama pembeni akipita. Wengine walimtukana hadharani.

Bibi afya hakukaa. Aliwaleta wapimaji kutoka serikalini, wakachukua udongo wa kiwanda, udongo wa nyua na maji ya visima. Watoto wa upande wa chini walipimwa damu. Wengi walikuwa na risasi, wengine kidogo, wengine nyingi. Mjukuu wa mjane alikuwa nayo nyingi. Kazi ya uwanja ikasimamishwa, na kikao kikaitishwa tena darasani palepale.

Safari hii hakuna aliyecheka. Fundi viatu alisimama akataka kampuni ifukuzwe, na neno gofu lisitajwe tena katika mtaa huu. Watu wakaitikia kwa kishindo. Watu wote walimtazama bibi afya, wakijua sasa atalipiza. Angeweza. Tulimwambia akae chini, na sote tunakumbuka tulipiga makofi.

Hakulipiza. Alisema tupime kwanza pande zote mbili.

Tukiifukuza kampuni, alisema, kiwanda kitabaki wazi kama kilivyokuwa. Vumbi litarudi mezani kila kiangazi. Watoto watapita njia ya mkato na kurudi na sumu miguuni. Kukisafisha chote kunataka nguvu ambayo mtaa hauna. Uwanja wa gofu unaweza kuwa mfuniko mzuri, kwa sababu watu hawalali juu yake wala hawalimi mihogo juu yake, na mwenye uwanja ana haja ya kuutunza. Lakini una hatari zake. Kuchimba kunaamsha kilicholala. Nyasi za gofu hunywa maji mengi sana, na maji hayo yanaweza kuisukuma sumu chini hadi visimani. Nyasi hizo pia hupigwa dawa za wadudu na kutiwa mbolea, nazo hutiririka bondeni, na bondeni ni sisi. Tena ardhi ikizungushiwa ukuta, hatutaingia tena.

"Hawa walitaka kufunika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Mwanaharamu huyu hapiti, anakaa. Mimi gofu siitaki wala siikatai. Ninataka kujua chini ya mfuniko kuna nini, nani amekipima, na nani ataendelea kuuchungulia sisi tukishakufa."

Basi masharti yakapangwa mbele yetu, na serikali ikayasimamia. Udongo wa sumu haukuruhusiwa kutoka nje ya eneo tena. Uliokwisha kutoka ulirudishwa. Tuliambiwa tusichimbe wenyewe. Wakaja watu wenye barakoa na mabuti. Walinyunyiza maji kwanza ili vumbi lisipae, wakabeba udongo kwa malori yaliyofunikwa turubai. Magurudumu yalioshwa langoni, na maji hayo ya kuoshea yalikingwa. Palichimbwa shimo kubwa, likatandikwa karatasi nene ya plastiki na udongo wa mfinyanzi, sumu ikazikwa humo na kufunikwa. Juu ya eneo lote ukaja udongo safi, mwingi, ndipo nyasi. Vibwawa vilitandikwa plastiki visivuje. Visima vyetu vya karibu vilifungwa, tukavutiwa maji ya bomba. Pembeni mwa uwanja vilichimbwa visima vyembamba vya kupimia tu. Kila msimu maji yake hupimwa, na majibu hubandikwa ukutani kwa mwenyekiti ili kila mtu ayasome. Fundi viatu alichaguliwa kuwa mmoja wa wakaguzi wa mtaa. Husimama pale wanapopima, na akiona mfuniko wa chupa haukubana, hasemi kwa upole.

Mjane alikubali mwisho kabisa. Aliogopa maji kuliko sumu, kwa sababu maji aliyaona. Bibi afya alimwahidi kwamba udongo safi utamwagwa uani kwake siku ileile watakapouondoa mbaya, kabla ya jua kuzama. Ikawa hivyo. Ahadi hiyo ikapewa kila nyumba. Hapo nilielewa kwamba huwezi kumwambia mtu wa bondeni aache kifusi, halafu umwachie bonde.

Nasi nyumbani tulijifunza. Hatufagii pakavu, tunapangusa kwa kitambaa chenye maji. Viatu vinabaki nje. Watoto wananawa mikono kabla ya kula na kabla ya kulala, na vitu vyao vya kuchezea vinaoshwa. Nguo za kazi hazikai chumba kimoja na mtoto, na hufuliwa peke yake. Tunawapa maharage, mboga za majani, mayai, na maziwa tukiyapata, kwa sababu mtoto aliyeshiba chakula bora huipokea risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Na kifusi hakiingii uani kabla hatujajua kimetoka wapi.

Uwanja sasa umekwisha. Ni mzuri, sitasema uongo. Vumbi limeisha, na vitambaa vya mkwe wangu vinabaki vyeupe mpaka mteja aje. Vibaka wamehama. Kazi zilizoahidiwa zilipatikana chache, nao waliozipata huingia kwa mlango wa nyuma. Njia yetu ya mkato imezibwa na ukuta, tunazunguka kwenda sokoni. Kampuni ililipia matibabu baada ya kusukumwa sana. Yule mtu wa picha hatujamwona tena. Gia Ndogo anabeba mchanga kwa mtu mwingine. Kabla ya kupakia huuliza mchanga umechimbwa wapi, na madereva wenzake humcheka. Huwaacha wacheke.

Chiriku anasoma sasa. Amerudiwa na maneno, si yote. Anakaa dawati la mbele, na mwalimu humrudia jambo mara nyingi. Jana analijua, leo limemtoka. Analia akiona wenzake wamegeuza ukurasa. Mama yake hukaa naye jioni, cherehani imefunikwa, wakisoma silabi moja moja.

Mkwe wangu alizaa tena baada ya ua kusafishwa. Mtoto wa kiume. Mwezi uliopita bibi afya alikuja na muuguzi kuwapima damu watoto wote wa mtaa, kama wanavyofanya siku hizi. Majibu yalipotoka alituita barazani. Alisema damu ya mdogo ni safi. Alisema watoto wote waliozaliwa baada ya kazi ile ni wazima, mtaa mzima, hata mjukuu mdogo wa mjane.

Mkwe wangu alianza kushangilia. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu Chiriku alikuwa amesimama pale.

"Na mimi?" Chiriku akauliza.

Bibi afya alipiga goti ili wawe sawa. Akamwambia damu yake inazidi kusafika, kila mwaka afadhali kuliko uliopita. Na ni kweli. Chiriku alifurahi. Alitaka kumwambia mdogo wake, akalitafuta neno "safi", likakataa kuja. Mdogo wake, ambaye hata miaka mitatu hajafika, akalisema kwa niaba yake.

Tulifurahi siku ile. Tulifurahi kimyakimya, kama watu wanaokula mbele ya mwenye njaa.